Jedwali la Saba na Mchi wa Mama

Sisi tuliokua Rwamgasa kabla makarasha ya kusaga mawe hayajajaa kila kona, tuliamshwa na mlio wa vinu. Mama zetu walitwanga mawe ya dhahabu kwa michi ya chuma, nasi tukala michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa kwa chai ya rangi, vumbi likitua hadi ndani ya kikombe. Naikumbuka ladha ile, kisha najiuliza kama kweli ilikuwa tamu au ni njaa tu iliyoisifia.

Nikiwa darasa la tatu, mwalimu wa hesabu alitangaza kwamba asiyelijua jedwali la saba atarudia darasa. Mama hakugomba. Alisema tu, "Ukirudishwa, mayu, mchi wa pili upo." Nilishaujaribu mchi huo, nilijua uzito wake.

Shida yangu ni kwamba sikuweza kukariri kitu nisichokielewa. Wenzangu waliimba saba mara nane hamsini na sita huku wakiyumba kama wanakwaya. Mimi nikauliza kwa nini isiwe hamsini na saba.

"Ni hivyo," mwalimu akajibu. "Kaa chini."

Jioni nikakaa karibu na kinu. Mama alikuwa na mtindo wake: anatwanga mara saba, anaegemea mchi, anavuta pumzi, anaanza tena. Nikawa nahesabu mapigo bila kurudi mwanzo. Akapumzika kwenye saba, kwenye kumi na nne, kwenye ishirini na moja. Pumziko la nane likaangukia hamsini na sita. Nikacheka peke yangu.

Siku ya kuulizwa tulisimamishwa, mikono nyuma.

"Vigawe vya saba ni nini?"

"Ni pale mama anapopumzika."

Darasa zima likacheka. "Mtoto wa kinu huyo," mmoja akasema nyuma yangu. Nikaomba niruhusiwe kutumia ngumi. Nikagonga dawati, nikatua, nikataja namba, nikagonga tena, hadi saba mara kumi na mbili. Mwalimu akaliangalia dawati, halafu akasema, "Wewe darasa la nne utaenda. Ila dawati liache."

Siku hizi makarasha yananguruma kutwa bila kupumzika, na Kabula, mtoto wa dada yangu, ukimuuliza saba mara nane anaiuliza simu. Huwa namtania kwamba chaji ikiisha na akili inazima. Juzi nilimsimulia habari hii nikitegemea atacheka. Hakucheka.

"Mama mdogo, kwa nini bibi alikuwa anapumzika kila saba?"

Mimi ninayehoji kila kitu, niliyewachosha wahadhiri chuo kikuu, hilo sikuwahi kuliuliza. Tukampigia mama simu. Alikohoa kwanza, kama kawaida yake.

"Ya nane kifua kilikuwa kinakataa," akasema, kisha akauliza kama tumekula.

Watu wa rika langu wakisema zamani kulikuwa kuzuri, naitikia, maana hata mimi naukumbuka mlio ule. Lakini kidole changu huanza chenyewe kugonga paja, kikafika saba, kikasimama.