Mke Mwenza wa Shaba

Nyumba ya Zein bin Aidarus, mtaani Kuze, ilikuwa imeanguka nusu, na nusu iliyoanguka ndiyo iliyompatia cheo. Nusu iliyosimama haikuwahi kumletea kitu ila popo.

Kwa kazi alikuwa mshona kofia. Alishona kofia za vito, zile za kutariziwa kwa mkono, mpaka macho yake yakaanza kumuaga, polepole na kwa adabu, kama wageni waliotambua kuwa wamekaa sana. Kwanza lilipotea tundu la sindano, kisha uzi, kisha sindano yenyewe. Akaiweka kazi chini, akahamia barazani, akawa kitu ambacho Mji wa Kale haujawahi kupungukiwa nacho: mwanamume mzima anayeamkiwa na kila apitaye na asiyeulizwa neno na yeyote.

Ndipo alipokuja Mzungu mmoja wa bandarini, akitafuta mahali pasipo mti wala kivuli wala dari. Katika mji ambao majirani hupeana chumvi dirisha kwa dirisha, mahali kama hapo hapapatikani ila palipoanguka nyumba. Ua wa Zein ulikuwa na ukuta wa kimo cha mtu upande wa kichochoro. Upande wa bahari ulibaki ukuta wa kufika magotini, na juu yake mbingu tupu. Mzungu aliupenda ua ule kama mtu anavyopenda jumba. Akachimba shimo, akatia kopo la shaba lenye mdomo mpana, lililozikwa nusu mchangani, na ndani yake chupa ya kukingia mvua. Akamkabidhi Zein bilauri yenye mistari ya kupimia. Mistari ilikuwa minene, na kwa macho yaliyoshindwa na sindano ilikuwa rehema.

Kila asubuhi, mkalimani akaeleza, mimina maji ya chupani katika bilauri, soma, andika. Usipokuta maji, andika sufuri. Nchi haijui mvua yake kwa kukumbuka, kwa sababu watu huikumbuka ile iliyowanyeshea harusini. Na nchi isiyoijua mvua yake haitajua njaa inapokuja. Mwisho Mzungu akaweka sharti moja: mvua iliyopita bila kukingwa hairudi kupimwa. Ikipita moja tu, kopo litahamishiwa Kilindini, kwenye ua wa ofisi, na kupewa karani.

Zein hakulala vizuri tangu siku hiyo, na hakuwa amewahi kuwa na furaha kama ile. Alikuwa na jambo la kuamkia.

Mkewe, Mwanakuu, alilitazama kopo lile kwa siku chache bila kusema. Hawakujaliwa watoto, na kwa muda mrefu nyumba ile ilikuwa na watu wawili tu na mazoea yao. Kisha akaanza.

"Ameamkaje mke mwenzangu?"

"Mzima."

"Umemwosha uso?"

"Nimemwosha."

"Mimi uliniosha uso lini, Bwana Zein?"

"Wewe hujazikwa nusu mchangani."

"Ngoja kidogo," akasema Mwanakuu, akaenda kupika mkate wa kumimina. Siku hiyo aliutia iliki zaidi.

Halafu mvua ikakatika. Vuli haikuja, na masika yakachelewa mpaka watu wakaona haya kuyataja. Visima vikaingia chumvi. Kutoka bara watu walikuja kwa miguu kupitia Makupa, wembamba, kimya, wakakaa kwenye milango ya misikiti. Zein aliandika sufuri, na kesho yake sufuri, kwa mwandiko mzuri uleule. Sufuri nayo ni kazi. Ila hailipwi heshima.

Aliyeyaweka mambo wazi alikuwa Nuruddin, muuza mchele wa pembeni, ambaye baba yake alitoka Kachi, ng'ambo ya bahari, na ambaye mwenyewe alitoka kila jioni kuja kubishana barazani. Hoja yake ilikuwa na sura ya elimu: kabla ya kopo, mvua ilikuwapo, baada ya kopo, hakuna.

"Bwana Zein, nikuulize kwa uzuri. Ukialikwa mahali, ukamkuta mwenyeji amekaa na kibaba, anapima kila tonge unalokula. Wewe utarudi?"

"Mvua si mgeni wa kula."

"Nakuuliza, utarudi?"

"Sitarudi," Zein akakiri, na mtaa mzima ukaona kuwa kesi imekwisha.

Sheikh akatangaza sala ya kuomba mvua. Watu wafunge, watoke nje ya mji upande wa Bondeni wakiwa na nguo zao mbovu, na baada ya kuomba wageuze shali zao, ndani iwe nje, kwa kutaraji Mungu naye aigeuze hali. Hayo yalikuwa na asili yake, na kila mtu aliyakubali. Nuruddin akaongeza lake.

"Watu wazima na ndevu zetu tutageuza shali, na hilo kopo lako likae limekodoa jicho juu? Lifudikize, yakhe. Siku moja tu. Lione haya kama sisi."

Sheikh hakuulizwa juu ya jambo hilo, kwa sababu angeweza kujibu.

Zein alikataa. Alieleza sharti la Mzungu. Alieleza bilauri na chupa. Walimsikiliza kwa heshima zote, kisha wakaacha kumwamkia.

Hilo angelivumilia. Lakini alasiri moja Mwanakuu alirudi kutoka kisimani na mtungi mtupu. Akasema kamba imekatika. Alisema akiwa ameigeuzia nyumba mgongo, na kamba ilikuwa begani mwake, nzima, kavu. Habari yenyewe Zein aliipata kwa Bi Shariffa wa nyumba ya pili: wanawake walimruka zamu yake mara mbili, na mmoja akamwambia akanywe kwenye kopo la mumewe.

Zein akaenda dukani kwa Nuruddin, akasema, "Nitalifudikiza," akarudi bila kungoja shukrani.

Asubuhi ya sala alilichomoa kopo, akalipangusa mdomo, akalilaza kifudifudi kando ya shimo lake. Mwanakuu alisimama mlangoni akiangalia.

"Kwa nini, Bwana Zein?"

"Upate kuchota maji."

"Nani kakwambia kamba haikukatika?"

"Kamba yenyewe."

Mwanakuu akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya kitu asichokusudia kununua: "Na ikinyesha?"

Zein akavaa kanzu yake mbovu, jambo ambalo halikuhitaji kuchagua sana, akatoka na wenzake.

Uwanjani walisali, wakakaa kusikiliza hotuba. Shali ziligeuzwa. Mbingu ilikuwa nyeupe kama ilivyokuwa kila siku, na mzee mmoja nyuma ya Zein alikuwa akilia bila sauti. Upepo ukageuka, ukaja kutoka baharini na baridi kidogo. Ikafuata harufu ambayo kila mtu aliitambua na hakuna aliyethubutu kuitaja. Sheikh alikuwa bado anaomba, mikono juu, tone lilipoanguka kwenye kiganja chake. Akakitazama, na sauti yake ikavunjika.

Ikaja yote. Watu wazima walikaa pale pale, vinywa wazi juu. Nuruddin akamkumbatia Zein, maji yakimtiririka ndevuni.

"Nilikwambia! Nilikwambia, ndugu yangu!"

Zein alilia, na alilia kwa mambo mawili. Watu waliona moja. La kwanza lilikuwa mvua. La pili lilikuwa kopo lililolala kifudifudi Kuze, na mvua iliyongojwa na nchi nzima ikipita juu ya mgongo wa shaba, haipimwi na wala haitapimwa tena.

Akaondoka mbio. Alikimbia kama wanavyokimbia watu wenye umri na jina: alitembea upesi mno, ameishika kanzu, na shali ikiwa bado ndani nje. Kwa bahati mbaya furaha huambukiza. Nyuma yake Nuruddin aliita wenzake, "Twende tukalione!" nao wakamfuata kulitazama kopo lililoleta mvua kwa kutokuitazama.

Zein alifika kwanza. Alipitia ndani ya nyumba, akasimama kwenye kizingiti cha ua.

Mwanakuu alikuwa katikati ya ua, leso zimemganda mwilini. Miguuni pake, ndani ya shimo lake, kopo lilikuwa limesimama wima, mdomo juu, likinywa.

"Usinisemeshe," Mwanakuu akasema. "Upepo ulipogeuka nililirudisha. Tone la kwanza lilinipiga puani. La pili limeingia mle."

Zein alifungua kinywa. Kilichotoka, Mungu amsamehe, kilikuwa: "Umelisimamisha sawa? Halikuinama?"

"Nimeweka bakuli la maji juu yake nikayatazama, kama ufanyavyo. Unadhani mwanamke hamwangalii mke mwenziwe?"

"Hodi!" ikaja sauti ya Nuruddin kutoka upande wa kichochoro. "Bwana Zein! Hodi jamani, tumekuja kuliona!"

Zein akatazama kopo. Akilifunika, mvua itapotea. Akililaza, itapotea. Akiliacha, kesho mkewe atarudi kisimani akiwa mke wa mtu aliyevunja ahadi. Alikuwa bado ameshika upindo wa shali, hajui aufanyie nini, Mwanakuu alipoivua leso ya kichwani na kuitupa juu ya ukuta wa kichochoro.

"Msiingie!" akapiga ukelele. "Uani kuna mwanamke kichwa wazi!"

Miguu ikasita kichochoroni.

"Tuwie radhi, Bi Mwanakuu," Nuruddin akasema kwa sauti nyingine kabisa. "Tutangoja ujisitiri."

"Ngojeni."

Wakangoja. Mvua iliwapiga.

"Bi Mwanakuu, bado?"

"Bado."

"Kwani unafanya nini, mama?"

"Naoga mvua, Bwana Nuruddin! Kisimani nimenyimwa zamu. Na huku pia?"

Kichochoroni mmoja wao alikohoa. Mtu akisikiliza vizuri angesikia haya ikishuka juu ya wanaume wale pamoja na maji. Wakaanza kuondoka, mmoja mmoja, bila kuagana. Nuruddin alibaki wa mwisho.

"Zamu yako kesho ni ya kwanza," akasema ukutani. "Nitawaambia mwenyewe wa nyumbani kwangu." Naye akaenda zake.

"Wamekwenda," Zein akasema. "Ingia ndani, utaugua."

"Na wakirudi?"

Alikuwa sahihi. Zein akashuka kizingitini, akaenda akasimama naye. Nywele za mkewe zilikuwa zimefumuka, zimemshuka mabegani. Kwa miaka mingi alikuwa akiziona kwa mwanga wa taa tu, na taa yao ilikuwa ya huruma. Sasa aliona zilivyokuwa nyeupe. Hakujua zilianza lini. Alikuwa na sufuri zote za mwaka ule mahali pake, lakini hili lilimpita bila kukingwa.

"Unaangalia nini?"

"Mvua."

"Mvua iko juu."

"Najua iliko," Zein akasema, akaivua shali yake na kuitandaza juu ya vichwa vyao wote wawili. Haikuwazuia mvua hata kidogo.

Walisimama hivyo mpaka ilipokoma. Majirani waliendelea kusema kwamba ni kule kufudikizwa kulikoleta mvua, na Zein hakuwasahihisha. Aliahidi kulifudikiza, na alilifudikiza. Mzungu alipata tarakimu yake, na kwa kuwa Zein alikuwa mtu wa kweli, chini yake aliandika kuwa tone moja halimo. Mzungu alidhani ni unyenyekevu wa kimashariki. Kopo halikwenda Kilindini.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ile, mawingu yalipofunguka, Zein aliitoa chupa kwa mikono miwili, akamimina katika bilauri, akaiinua mpaka usawa wa macho yake mabovu. Akasoma. Akasoma tena, kwa raha tu. Kanuni ilisema maji yakishapimwa yamwagwe. Haikusema yamwagwe wapi.

"Lete mikono," akamwambia mkewe.

Mwanakuu akakinga viganja. Miezi mingi alikuwa hajaonja ila maji ya chumvi. Akanywa yote kwa pumzi moja, akajipangusa kidevu.

"Vipi?"

"Yana ladha ya shaba," akasema, akakinga tena.