Mbeba Reli Aliyeuliza "Mpo?"

Habari ya kifo chake ilipita mkononi mwangu kabla haijamfikia mtu mwingine yeyote hapa Dodoma. Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba kinachonipa ugali si safu hii, bali mashine ya simu za maandishi iliyo katika chumba cha nyuma cha stesheni, ambako nakaa tangu asubuhi nikisikiliza waya ukigonga na kuandika unachosema. Jumatatu, jua likiwa bado halijawa kali, waya uligonga kutoka kambi ya magharibi, upande wa Saranda. Ujumbe ulikuwa mfupi: mbeba reli mmoja, yule mcheza mpira, amefariki juzi, leteni mwingine. Niliuandika kwa mwandiko mzuri kama nilivyofundishwa, nikaikunja karatasi na kuipeleka bomani, kwa kuwa boma ndilo linalozitafutia kambi watu. Nilipovuka reli nikakaa juu ya rundo la mataruma, yale magogo ya kulazia reli. Nilimjua. Nanyi mnamjua, maana mimi ndiye niliyewajulisha.

Leo simtaji jina. Najua desturi ya safu hii: kila mchezaji na jina lake, na jina la baba yake, na kijiji alikotoka, na kimo chake, na mguu anaoupenda. Mlifurahia hivyo, baadhi yenu mliniandikia barua za kunipongeza, nami kichwa kikavimba nikajiona fundi wa kalamu. Leo hakuna jina la mtu wala la kijiji. Nitasema tu kwamba kwao ni mwendo wa siku moja kwa miguu kutoka stesheni, na upande gani sitasema. Sababu mtaiona kabla sijaweka kalamu chini.

Alikuja Dodoma mwaka ule wa njaa, uwele ulipokauka ungali mchanga na ng'ombe wakawa wanasimama tu, wamechoka hata kulia. Akaandikwa katika kundi la wabeba reli. Msomaji ambaye hajaiona kazi hiyo anisikilize vizuri, kwa sababu kila kitu kinaanzia hapo. Reli moja hubebwa na watu kumi na wawili begani, sita huku na sita kule. Akiachia mmoja bila kusema, uzito wote huwahamia wenzake kwa ghafla, na mfupa wa mtu unavunjika. Kwa hiyo kundi la Dodoma lilikuwa na sheria yake, ambayo hakuna Mdachi aliyewapa. Mtu akichoka, au akijikwaa, au hata siafu akimpanda mguuni, haachii. Anauliza kwa sauti, "Mpo?" Wenzake wote wanajibu, "Tupo!" Ndipo mmoja anaita, "Tua!" na reli inashuka kwa pamoja. Aliyeachia bila kuuliza alikula peke yake mwezi mzima, ameketi kando akiwapa wenzake mgongo. Nimewahi kumwona mtu mzima mwenye ndevu akilia kwa adhabu hiyo.

Jumapili watu hao hao walicheza mpira. Waliujifunza kutoka kwa vijana waliotoka shule za misheni, na bwana injinia wa hapa, ambaye ana wazimu wa mchezo huu, akawapa uwanja nyuma ya karakana na kuwapunguzia kazi Jumamosi. Kwa hiyo mchezaji mzuri aliishi kwa miguu yake, si kwa mabega tu. Lakini walicheza kama walivyobeba. Mtu akitaka kutoa mpira aliuliza, "Mpo?" na uwanja mzima ukaitikia. Wageni kutoka pwani walicheka hadi wakajishika mbavu. Mimi nami, mtoto wa pwani, nilicheka mwanzoni, kisha nikaona kwamba kundi lile halifungiki kwa urahisi, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuachwa peke yake na mpira.

Katika mechi moja na mafundi wa karakana, marehemu alibaki na golikipa tu. Golikipa akateleza, akaangukia jiwe, akashika goti. Lango lilikuwa wazi kama mlango wa zizi mchana. Marehemu akauweka mguu wake juu ya mpira, akageuka kuwatazama wenzake, akauliza, "Mpo?" Wakajibu, "Tupo!" Mmoja akaita, "Tua!" Naye akauacha mpira hapo hapo, akaenda kumwinua yule golikipa. Bwana injinia alitupa kofia yake chini na kuikanyaga. Wakafungwa siku ile, bao moja bila. Baadaye nikamuuliza kwa nini, akanitazama kana kwamba nimemuuliza kwa nini anavaa nguo. "Kwani bwana karani, mtu akianguka si tunatua?"

Hapo ndipo nilipokosea. Kurasa za gazeti hili zilinitosha kuandika habari hiyo ya golikipa, na ningekuwa na akili ningeandika hiyo peke yake. Badala yake nikaandika miguu. Nikaandika kwamba anabeba ncha ya reli ambayo kwa kawaida hubebwa na wawili, na bado jioni anakimbia na mpira bila kuhema. Nikataja jina lake, la baba yake na kijiji chao. Kisha, kwa kuwa nilikuwa na nafasi ya mstari mmoja chini ya ukurasa na nilichukia kuiacha tupu, nikaongeza maneno ya kunogesha: kwao wote wana miguu hiyo, hata mdogo wake anayechunga ng'ombe.

Gazeti lilifika kambi ya magharibi kwa gari la moshi. Msimamizi wa huko akasomewa na karani wake, akamtaka mtu huyo. Bwana injinia wetu alikuwa na upungufu wa wafua vyuma, na kambi ile ilikuwa nao wa kutosha. Makubaliano yalipita kwa waya, nami ndiye niliyeyaandika: mcheza mpira mmoja aende, wafua vyuma wawili waje. Hakuna aliyemuuliza mwenyewe. Nilidhani ni heshima kubwa. Katika nchi hii ni nani mwingine aliyewahi kuhesabiwa sawa na mafundi wawili?

Alikuja dirishani kwangu siku moja kabla ya safari, amevua kofia. "Mbukwa, bwana karani," akanisalimu kwa Kigogo, nami nikamwitikia. Kisha akasema, "Wewe ndiye uliyeniandika hata wakanitaka huko. Basi niandike tena nibaki. Andika kwamba naumwa. Andika mguu umeoza. Uongo mmoja tu, bwana, haumdhuru mtu."

Nikacheka. Nikamwambia, "Ndugu yangu, gazeti haliandiki uongo." Nikamwambia pia kwamba kambi ile inampa nyama kila anayefunga bao, kwamba atanenepa, kwamba atanisahau. Akaniambia, "Watu wa kule hawajibu, bwana. Nimewasikia walipokuja kucheza." Nikamjibu kwamba atawafundisha. Akavaa kofia yake akaenda. Nakumbuka niliridhika sana na jibu langu, hata nikaliandika katika daftari ili nije kulitumia siku nyingine.

Kambi ya magharibi ilikuwa na tabia nyingine kabisa. Mnyapara wao aliwagombanisha kwa makusudi, akiamini kwamba watu wanaochukiana hufanya kazi kwa haraka. Aliyefunga bao alipewa nyama mbele ya wasiopewa. Aliyewahi kufikisha reli alitoka kazini kwanza. Kila mmoja alijitazama mwenyewe, na begani vivyo hivyo: aliyechoka aliruka pembeni, wenzake wakajua wenyewe. Nilimwona marehemu mara moja tu tangu ahamie huko, walipokuja Dodoma kucheza na kundi lake la zamani. Alifunga mabao matatu. Hakumtazama mtu. Wenzake wa zamani, walipompita uwanjani, walimchokoza kwa upole, "Mpo?" naye akainamisha kichwa. Nilipomkuta jukwaani akingoja gari, mkononi ana furushi la nyama aliyokatiwa, alikuwa amekonda na si kunenepa. "Mwezi wa kwanza nilikuwa nauliza," akaniambia. "Wakanicheka. Sasa siulizi. Lakini bwana karani, mdomo umejifunza, mkono haujajifunza kuachia." Sikuelewa. Nikampa mkono, nikamwambia mabao yalikuwa mazuri.

Sasa naelewa. Mshika breki wa gari la mizigo, aliyekuwapo, alinisimulia Jumanne akiwa amekaa kwenye sanduku langu, hataki hata maji. Walikuwa wanapandisha reli kwenye tuta jipya. Udongo ukaanza kutiririka chini ya miguu yao. Wa mbele akaruka. Wa pili akaruka. "Yule wenu," akasema mshika breki, "yeye alishika. Tukamsikia anauliza, 'Mpo?' Sauti kubwa kabisa. Tulishangaa, maana miezi yote hiyo hatukuwahi kumsikia akipaza sauti. Akauliza tena." Nikamuuliza walijibu nini. "Walikuwa wameshafika chini, bwana. Wangejibu nini?"

Nimekaa na jambo hili siku zote hizi, na vumbi la Ugogo linaingia kila mahali, hata kwenye kidau cha wino. Wanaobadilishana wachezaji hupima paja, kifua na pumzi. Hawapimi kile ambacho wenzake wamemtia mtu kwa miaka, kwa sababu hakionekani akisimamishwa peke yake jukwaani. Mtu aliyelelewa na kundi linalojibu, ukimpeleka kwa wasiojibu, umempeleka nusu. Nusu hiyo itafunga mabao, itakula nyama, na siku udongo utakapotiririka itafanya kile ilichofundishwa nyumbani. Na sisi tunaoandika tuna sehemu yetu katika biashara hiyo. Kabla ya kalamu yangu, alikuwa mtu wa watu kumi na mmoja. Baada yake akawa bei.

Ningependa kuishia hapo, lakini Alhamisi nilipata mgeni. Ninapaswa kwanza kuwaambia kwamba wiki hizi waya unaniletea mambo nisiyoyaelewa: ujumbe mrefu wa tarakimu tupu, hauna neno hata moja, unaokwenda bomani na kurudi. Mabehewa yaliyofungwa yanapita hapa bila kupakuliwa. Fundi seremala wetu ameagizwa mipini ya sepeto, mingi mno kwa reli iliyokwisha kupita hapa zamani. Watu wanaulizana na hakuna anayejibu. Na boma, ambalo halikuwahi kuupenda mpira, sasa linaupenda.

Mgeni wangu alikuwa karani wa boma, na nyuma yake askari mmoja amesimama mlangoni akinizibia mwanga. Mkononi alikuwa na magazeti haya, yote, tangu lile la kwanza nililoandika. Alikuwa amepiga mistari ya wino mwekundu. Majina yenu, enyi wachezaji, moja baada ya jingine, na vijiji vyenu, na kimo, na mguu. Sikuwahi kujua kwamba nilikuwa nimeandika mengi hivyo. "Umetufanyia kazi nzuri sana," akaniambia kwa adabu. Nikamuuliza watu hao wanatakiwa kwa kazi gani. Akasema kazi itajulikana ikifika. Kisha akafungua gazeti lile la marehemu. Jina lake halikuwa na mstari, maana walikuwa na karatasi yangu ya Jumatatu. Wino mwekundu ulikuwa chini ya mstari ule wa mwisho kabisa, ule niliouongeza ili ukurasa usibaki mtupu.

"Huyu mdogo wake," akasema, "yupo?"

Nikaiona tena kofia ya marehemu, imevuliwa dirishani. Nikasema hayupo. Nikasema nilitia chumvi, kama waandishi tunavyofanya, ili kupamba habari. Akalikunja gazeti. "Andika basi," akasema, "kwa kuwa gazeti lako haliandiki uongo." Sijui aliyatoa wapi maneno hayo. Labda niliwahi kuyatumia katika safu, kutoka lile daftari langu.

Basi nimejifunza, na hili ndilo nililolipata kwa marehemu, nimechelewa: mtu anapouliza kama upo, hangoji sifa wala hangoji ukweli wako mzuri. Anangoja ujibu akiwa bado ameshika. Aliniuliza mara moja, dirishani, nikamjibu kwa mzaha. Nyinyi niliowataja na mnaonisoma, msingoje kusomewa mara ya pili. Ng'ombe wana malisho mbali na reli.

Na sasa naandika kile nilichoagizwa, kwa jina langu na kwa kiapo, na anayetaka kuniita mwongo aje aniite. Marehemu hakuwa na ndugu. Kijiji nilichokitaja hakipo upande ule. Wachezaji wote niliowasifu kwa miaka yote hii walikuwa wafupi, wagonjwa wa kifua, na wazito wa miguu, na wengine niliwabuni tu. Nipo.