Waya wa Chumbani kwa Mama Marieta

Nimefunga mtandao madukani, mashuleni, mpaka kwenye banda la kuku. Lakini ni hapa Dongobesh nilipokutana na mtu anayeomba mtandao usikamate.

Naitwa Idd, fundi, mtu wa Kondoa. Mama Marieta, mjane wa pale jirani, alinitumia salamu nikamfungie intaneti chumbani.

Alivunjika nyonga, hatoki kitandani. Zamani alikuwa anaongea na mwanawe Modest, aliyehamia Tunduma, kwenye kompyuta ya sebuleni. Kwa simu hasikii vizuri, masikio mazito. Lazima amwone mtu mdomo.

Sasa kompyuta wamemhamishia chumbani, na ni ya kizamani, inataka waya tu. Ruta, ile ya kurusha mtandao, iko sebuleni, waya wake haufiki.

"Shikamoo mama. Hii kazi ndogo. Kuna kiboksi kinadaka Wi-Fi, halafu kompyuta unaichomeka kwenye kiboksi. Basi."

"Marahaba. Kwa hiyo leo nitamwona Modest?"

"Leo leo, mama!"

Binti yake, Hilaria, alikuwa amesimama mlangoni.

Nikafunga, taa ikawaka kijani. Nikatoka kufuata bisibisi kwenye pikipiki. Narudi, taa imezimika. Nikawasha tena, nikaenda kunawa mikono. Narudi, waya wenyewe haupo!

"Dada, humu kuna jini au panya?"

Hilaria akanivuta uani. Waya alikuwa ameuficha ndani ya kitenge.

"Kaka Idd, nakuomba. Mwambie mama imeshindikana."

Hasira zikanipanda. Mimi na kushindwa wapi na wapi? "Uniharibie jina kwa kiboksi hiki?"

"Modest amefariki."

Nikavua kofia.

"Tulimzika huko huko Tunduma, mwezi wa tatu. Mama ana presha, tukaogopa. Kila akimuulizia tunasema mtandao unasumbua, waya haufiki."

Nikarudi chumbani, nikaanza kudanganya. "Mama, ukuta huu mnene sana..."

"Idd. Kaa hapo."

Nikakaa.

"Majirani wakija wanaulizia mguu wangu, mahindi, ng'ombe. Miaka yote walikuwa wanamalizia na Modest. Siku hizi wanamruka, halafu wanaangalia chini. Unadhani sielewi?"

Hilaria akakaa chini pale mlangoni.

"Sasa mama, mimi uliniita wa nini?"

"Si walisema shida ni waya? Nikasema acha nimwite fundi aiondoe hiyo shida, nione watasema nini tena." Akamgeukia binti yake. "Hilaria, ndugu yako umemlilia na nani?"

"Peke yangu, mama. Kule zizini."

"Na mimi peke yangu, hapa. Njoo."

Walilia wale watu, jamani. Na mimi fundi nikalia, bisibisi mkononi.

Jioni nikaurudisha waya. Mke wa Modest akapiga kutoka Tunduma, akatembea na simu yake mpaka makaburini. Mama Marieta akaliangalia kaburi la mwanawe kwenye kioo. Alinyoosha mkono tu, akawa anakipangusa kile kioo kwa ncha ya shuka, taratibu, mpaka kule Tunduma giza likaingia.

Ndugu zangu, wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi naongezea: ukimficha mama kifo cha mwanawe, hujamwondolea uchungu. Umemwondolea watu wa kulia naye.