Nilivyoichukia Shahada ya Mama

Mwezi uliopita nilikuwa Misunkumilo, kule Mpanda, nimekaa kibarazani kwa mama nachambua mchele, alipofika binti mmoja kutoka chuo kikuu. Alikuwa anasomea shahada ya uzamili katika historia ya ukanda wetu huu, na alikuwa ameisoma tasnifu ambayo mama aliiandika miaka ya tisini. Alimwamkia mama kwa kupiga goti, akaisifu kazi yake, kisha akauliza swali ambalo nimelikimbia tangu utotoni.

"Mama, zile kaseti ulizomrekodi mama mkwe wako bado zipo?"

Mama akacheka kicheko kikavu. "Ile yenyewe hasa ilifutwa. Marehemu mume wangu ndiye aliifuta. Hakutaka nisome."

Mikono yangu ikasimama juu ya ungo. Ngoja nikueleze, rafiki yangu, maana hili sijawahi kumweleza mtu.

Nilikuwa na miaka tisa. Baba alikuwa karani pale stesheni ya Mpanda, mama alikuwa mwalimu wa historia sekondari. Siku mama alipoondoka kwenda kuisomea hiyo shahada, tulimsindikiza kwenye treni sisi watoto watatu, na alikuwa amebeba dumu la asali ya kuwapelekea watu wa Dar es Salaam. Nilimwona akipunga mkono dirishani na kutabasamu. Hilo tabasamu sikumsamehe. Nilitaka alie.

Bibi, mama yake baba, ndiye aliyeletwa kutoka kijijini atulee. Usimwazie bibi wa kubembeleza. Alikuwa Mkonongo mfupi, mkavu kama kuni, na alipika huku anagomba. Masika alikwenda porini alfajiri akarudi na kikapu cha uyoga, akauchemsha na karanga zilizotwangwa, nyumba nzima ikanukia. Lakini kabla hujatia tonge mdomoni ulishasikia habari za mama yako. "Mwanamke hasomi mara mbili," alikuwa akisema. "Mara ya kwanza anatafuta mume, mara ya pili anamtoroka." Baba aliinama juu ya sahani yake ya migebuka, akichambua miiba ya samaki. Mimi nilikula na kukubali. Kila tonge la ugali wa muhogo lilishuka na chuki kidogo.

Kisimani nako hakukuwa na nafuu. "Eti mama yako anasomea historia?" wanawake waliniuliza nikisubiri zamu ya ndoo. "Historia ya nani, wakati sisi wenyewe tupo?" Wengine walisema ametumwa na watu wa pori la akiba, aje kuuliza mipaka ya zamani ili watu wanyang'anywe mashamba. Rafiki zangu wawili wakakatazwa kucheza na mimi. Nilirudi na ndoo kichwani, maji yakinichuruzika shingoni, nikiitukana historia yote.

Baada ya mwaka mama alirudi kukusanya habari. Nilitegemea gauni. Alileta madaftari na redio ya kaseti. Tasnifu yake ilihusu watu waliohamishwa na mkoloni kutoka misitu ya kuelekea Ugalla kwa ajili ya malale, ule ugonjwa wa mbung'o. Mtu aliyeijua habari hiyo kuliko wote alikuwa jikoni kwetu, anapepeta karanga. Bibi alimkatalia mbele yetu sote.

"Mimi siyo gunia, eti kila mwenye kibaba aje achote. Uliwaacha watoto hawa kama vifaranga. Kaulize kwingine."

Mama akaenda kwingine. Alimpata jirani yetu mmoja, mzee aliyewahi kuwa tarishi wa mkoloni, akamrekodi. Alasiri moja mama alikaa sebuleni kuisikiliza ile kaseti na kuandika. Sauti ya mzee ilikuwa tamu, ya mtu aliyeshiba. Alisema watu waliomba wenyewe kuhama. Alisema walipewa chumvi na shuka, wakapanda lori wakiimba.

Bibi aliingia na mwiko bado unadondosha uji.

"Nani aliimba?" Alinyoosha mwiko kuelekea redio. "Nasema, nani aliimba? Washa hicho kidude chako. Washa, we mwanamke, kabla sijabadili nia!"

Alizungumza alasiri tatu. Hakukaa kitini, alikaa chini na miguu ameinyoosha, na alimtazama mama kana kwamba mama ndiye aliyelileta lori. Alieleza jinsi askari walivyochoma nyumba asubuhi ile ile, na mtama ukiwa ndani, ili asirudi mtu. Siku ya pili alifika kwenye jambo ambalo hakuna aliyelijua. Alikuwa na mtoto wa kwanza, msichana, ananyonya. Homa ilimpata huko huko juu ya lori, akafa kabla hawajafika. Dereva akasimamisha gari muda wa kuchimba tu. Bibi alilitaja jina la mtoto na jina la mto walipomzika, mara moja tu, kwa sauti ya kumezwa. Kaseti ikaendelea kuzunguka.

Baba alikuwa mlangoni, amerudi kutoka kazini. Hakuwa anajua kwamba aliwahi kuwa na dada. Alitoka nje akasimama karibu na banda la kuku, ametugeuzia mgongo, mpaka chakula kikapoa.

Alipomaliza siku ya tatu, bibi alijipangusa uso kwa kanga. "Usidhani nimekwambia kwa kuwa nakupenda," alimwambia mama. "Nimekwambia kwa sababu yule mzee anadanganya."

Basi, ungedhani hapo nyumba yetu ilipona. Mama aliisikiliza ile kaseti ya siku ya pili tena na tena, akijaribu kuyanasa yale majina. Alilia nayo. Mimi nilipita mbele yake na daftari langu la hesabu, nikapita tena, hakuniona. Nilikuwa hai, nina miaka kumi sasa, na mama yangu alikuwa anamlilia mtoto aliyekufa kabla baba hajazaliwa.

Nilikuwa najiandaa kwa komunyo ya kwanza. Gauni jeupe lilikuwa tayari kwa fundi, na mama alikuwa ameniahidi, ameniapia kabisa, kwamba atakuwepo. Kisha ikaja barua kutoka kwa msimamizi wake chuoni: arudi mapema. Aliisoma amesimama.

"Nitakuwepo kwenye kipaimara, mwanangu," aliniambia. "Shahada haisubiri."

Kesho yake alasiri mama alikwenda stesheni kukata tiketi. Bibi alikuwa shambani na wadogo zangu. Nilifungua mfuko wa mama nikaitoa kaseti ya siku ya pili. Mama alikuwa amevunja vile vijino viwili vya mgongoni ili isiweze kurekodiwa tena. Lakini nilikuwa nimemwona baba, alipotaka kurekodi miziki juu ya kaseti za mahubiri, akiziba vitundu hivyo kwa karatasi. Nikatafuna karatasi, nikaziba. Redioni kulikuwa na kipindi cha salamu. Nikabonyeza vibonye viwili vya kurekodi kwa pamoja.

Sikiliza, sitaki unitetee. Halikuwa kosa la mtoto anayechezea vitu. Nilijua kilichomo. Nilikaa pale upande wa kwanza wote, nikageuza, nikakaa upande wa pili wote, natafuna karanga mbichi, huku watu nisiowajua wakiwasalimu shemeji zao wa Tabora na Kigoma.

Mama aligundua asubuhi. Alitaka kunakili majina vizuri kabla ya safari, akawasha, ukatoka muziki. Aliirudisha nyuma, akaipeleka mbele, akageuza. Muziki. Kisha akaitoa, akaona vile vidonge vya karatasi, akanyanyua macho akamtazama baba.

"Ni wewe."

"Mimi? Nifute maneno ya mama yangu?"

"Karatasi hizi ni zako. Nani mwingine humu anajua?"

Nilikuwa na kikombe cha uji mkononi. Niliunywa wote. Baba aliapa kwa jina la Mungu, mama akamwambia asimtaje Mungu. Mwishowe mama alimwendea bibi jikoni, akapiga magoti kwenye majivu, akamwomba arudie hata kidogo. Bibi hakuacha kukoroga.

"Nilizika mara moja," alisema. "Sitazika tena kwa ajili ya shahada yako."

Mama aliondoka. Nilipokea komunyo mama hayupo, katika gauni lililonibana kwapani. Bibi alirudi kijijini, akafariki masika yaliyofuata. Mama alifaulu, na katika tasnifu yake habari ile ya mtoto ina mistari mitatu, kwa Kiingereza, haina jina la mtu wala la mahali, kwa sababu bila kaseti hakuwa na uhakika nayo. Baba na mama waliendelea kuishi nyumba moja, wakisemezana kupitia sisi: mwambie baba yako chakula tayari, mwambie mama yako nimeshiba. Baba alikufa hivyo hivyo, mwizi wa kitu ambacho hakukiiba.

Kwa hiyo binti wa chuo alipoaga na pikipiki yake ikapotea barabarani, nilimwambia mama. Nilimwambia yote, hata karanga.

Aliuvuta ungo wangu, akaendelea kuchambua mchele. Jirani aliita kuku wake, akamaliza.

"Nimemzika baba yako sijamwomba radhi," alisema. "Toka kwangu."

Nikachukua mkoba. Watu waliopandishwa kwenye lori lile wamekwisha wote, hata yule tarishi. Vitukuu wao wanapita hapo Misunkumilo na simu masikioni, na ukiwauliza babu zao walitoka wapi watakwambia hapa hapa. Nilikuwa nimefika getini mama aliponiita, sauti ya kufundishia darasani.

"Ule mto. Siku ile ulikuwepo. Alisema unaitwaje?"

Niligeuka. Nikafungua mdomo. Nazikumbuka salamu zile, rafiki yangu, naweza kukutajia sasa hivi nani alimsalimu nani, na wimbo gani ulifuata. Nilisimama pale getini natafuta jina moja tu nisilipate, jua linanichoma, na mama akanisubiri kwa muda ambao mwalimu humsubiri mwanafunzi. Kisha akaingia ndani akafunga mlango.