Mtunza Nyanya za Changarawe

Mpaka leo nikikata nyanya namkumbuka. Miaka ile ya hamsini nilikuwa nikifua mashuka kwenye Base ya Kamina, kambi ya jeshi la Wabelgiji kule Katanga, kando ya bustani isiyo na udongo. Nyanya zilioteshwa katika mahodhi marefu ya saruji yaliyojaa changarawe, na mtunzaji wake sisi wafuaji tulimwita Baba ya Nyanya tu. Kila asubuhi alifukua changarawe kwa kidole mpaka kwenye mizizi kupima unyevu, kisha akakinga kwa kikombe maji yaliyochuruzika chini na kuyaonja kwa ncha ya ulimi. Alisema kidogo, tena kwa sauti ya chini.

Kiangazi kimoja majani yalinyauka ingawa changarawe ilikuwa imelowa. Agronomu, bwana shamba wa Base, akaamuru mbolea ya chumvichumvi iongezwe majini. Baba akaonja, akatema, akaninyooshea kikombe. “Onja, Mama Léonie. Chumvi iko mingi. Mizizi inakufa na kiu mu mayi.” Maji yalinikausha ulimi. Ndipo mtu yule mpole akamgeukia agronomu: “Hapana, monsieur. Ukiongeza, zitakufa zote. Kama nimekosa, unifukuze kesho.”

Baba akafungulia maji safi, akaisuuza changarawe mara tatu, kisha akaketi pale juani bila kula. Jioni majani yakainuka. Agronomu alipita, akatazama, akaenda zake. Baba hakumwona. Alikuwa ameshika jani moja kwa vidole viwili, akilisemesha kwa lugha ya Kiluba polepole kama mtu anayemwamsha mgonjwa, nami nikasahau mashuka yangu majini.