Karani wa Orodha ya Abiria

Mamluki wa kizungu waliizuia meli yetu iliyokuwa ikienda Moroni, tukashushwa Mutsamudu, mji wa kisiwa kingine ambamo sikumjua mtu hata mmoja. Kila asubuhi karani wa bandari, mzee mwenye mvi, alichonga penseli, akafuta orodha ya abiria, kisha akaandika upya majina yaleyale, taratibu. "Kesho, inshallah," alisema. Nyuma yake joho la bwana harusi lilining'inia msumarini, limefunikwa gazeti.

Siku ya tisa nilimfokea: "Wewe uko kwako, utajua nini uchungu wa kukwama?"

Akaweka kidole kwenye jina la kwanza. "Huyu ni mimi, mwanangu. Ndoa yangu kuu, ile ya kumpa mzee heshima mbele ya mji wake, inaningoja Moroni. Kazi hii nimepewa nikisubiri meli."

Lile gazeti lilikuwa limegeuka rangi ya chai. Nikasoma tarehe: mwaka juzi.