Mwenye Kanga Ndiye Anayeruka

Juzi nilikuwa kwa kaka yangu Singida Mjini, nimekaa uani nachambua mlenda wa jioni, nikasikia wanawe wakibishana. Filamu fulani ya mashujaa wenye nguvu za ajabu inatengenezwa upya, nao walikuwa wanapanga waigizaji wapya, wakianza na wao wenyewe. Mkubwa akajipa shujaa. Wa pili akajipa adui. Mdogo wao wa kike akauliza, "Na mimi?" Wakamjibu bila kuinua macho kwenye simu: "Wewe ni yule dada wa kuokolewa."

Rafiki yangu, damu ilinichemka. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi kule kwetu Shelui, nikiwa na umri kama wake.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa tena. Sabuni imerudi madukani, mitumba imemwagwa chini sokoni, na jirani yetu mmoja akaleta televisheni, deki na jenereta, akafungua kibanda cha video karibu na yanapolala malori. Kanda zililetwa na madereva. Ndani kulinuka dizeli na karanga za kukaanga, tumebanana kwenye mabenchi, na pale mbele mtu anaruka angani, kitambaa kirefu kimefungwa shingoni kinapepea mgongoni! Nilikipenda kile kibanda kuliko wali wa sikukuu.

Nilipomsimulia Bibi, aliacha kupepeta uwele akanitazama. "Hee! Mwanaume mzima kajifunga kanga ya mkewe? Na mkewe kabaki na nini?" Alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi sikucheka. Lile neno liliniingia.

Msimu ule uwele ulikuwa umekomaa, na sisi watoto tulishinda shambani kulinda ndege, juu ya dungu, kile kichanja cha miti ambacho ukikaa unaliona shamba lote. Huko ndiko tulikoigiza filamu. Mpangaji alikuwa mtoto wa mwenye video, kwa sababu video ni ya baba yake, nani angembishia? Yeye shujaa, wenzake maadui, mimi nikae juu ya dungu nilie mpaka niokolewe.

Ila shujaa hakuwa na cha kupepea. Kanga pale shambani ilikuwa moja tu, ya Bibi, niliyojitanda kwa baridi ya asubuhi. Na kwetu mvulana alijifunika kanga ya mama yake kitandani tu. Akionekana nayo njiani mchana, alitaniwa mpaka aombe poo.

"Niazime," akasema.

"Njoo uivae, tukuone," nikamjibu.

Akatazama njia, akina mama walikuwa wanapita na ndoo zao kutoka kisimani. Akarudisha mkono. Akasema basi, shujaa wake havai kitambaa. Nikamwambia huyo si shujaa, huyo ni mtoto anayekimbia kwenye uwele. Mwenye kanga ndiye anayeruka, na kanga ninayo mimi.

"Basi kwenye video yetu hutaingia tena."

Alijua pa kunishika. Hapo hapo ndege wakashuka, kundi zima la kwelea, upande wa chini wa shamba, kwenye ugali wetu wa mwaka. Sikungoja mtu apange chochote. Nilifunga kanga shingoni, nikaruka kutoka kwenye dungu, nikaufuata mstari wa uwele nikipiga kelele za kichaa, kanga inapiga mgongoni paa, paa! Wavulana wakanifuata nyuma wakigonga debe. Ndege wakanyanyuka. Kule njiani akina mama walinipigia vigelegele, na mmoja akaita, "Ruka, mama, ruka!"

Na yule mtoto wa mwenye video alitimiza neno lake. Msimu mzima nilizuiwa mlangoni. Alitaka tu nimwambie, haya, wewe ndiye shujaa. Sikumwambia. Nilikaa nje, sikio kwenye turubai la kibanda, nasikia ngumi na muziki, na picha nikazipanga mwenyewe. Waigizaji niliwatoa Shelui. Anayeruka alikuwa Bibi. Mama muuza uji ndiye aliyenyanyua malori kwa mkono mmoja, mwiko haujamtoka. Mwalimu wetu wa hesabu nilimfanya adui, na alistahili. Wasichana wenzangu walianza kuja kwenye dungu kuisikiliza filamu yangu, mwisho hata wale waliokuwa maadui kwenye filamu ya yule mtoto wakahamia kwangu.

Sasa kile kibanda hakipo, pale pana nyumba ya wageni. Dungu liliozea mvuani, shamba limegawanywa viwanja, na Bibi tumemzika. Namkumbuka, jamani, mpaka kifua kinauma. Ile filamu sikuwahi kuiona tena, na sikosi usingizi. Yangu inaishia Bibi anatua uani, anakung'uta kanga, anauliza nani kabandika maji ya ugali.

Basi niliweka mlenda chini. Nikamwita yule mtoto wa kike, nikafungua kanga yangu kiunoni, nikamfunga shingoni, fundo zuri la kukaza. Kaka zake wakaruka juu: "Shangazi, bwana! Siyo hivyo!"

"Njooni mmvue, basi," nikawaambia.

Hakuna aliyesogea. Naye alishafika getini, anakimbia, kanga inapiga mgongoni.